Miaka Tisa Mgongoni kwa Zuhura

Ukibebwa mgongoni kwenye tope, usimkabe shingo anayekubeba. Hilo ndilo somo la kwanza, na halimo kwenye vitabu vyenu vya uuguzi, nimeulizia. Shika mabega. Usijivute nyuma kama uliyekaa kwenye kochi, mtaanguka wote wawili chali. Usiongee ovyo, maana mwenzio anatafuta pa kukanyaga. Na kasha la chanjo ulivae begani likae mgongoni kwako, si kifuani. Likikaa kifuani litamgonga mwenzio kisogoni kila akipiga hatua, na maneno atakayokwambia hutayasahau.

Mnacheka. Chekeni tu. Kiongozi wa umoja wenu wa wanafunzi wa uuguzi alinifuata hapa nyumbani Kibiti akaniomba nije nisimame mbele yenu dakika ishirini nizungumzie kumtumikia Mungu kazini. Nikamwambia, mwanangu, mguu wangu dakika ishirini za kusimama hauziwezi, na mdomo wangu dakika ishirini haziutoshi. Acha niandike. Ninyi someni mkiwa mmekaa, nami niko kwangu na chai yangu ya tangawizi.

Nitazunguka sana, ndivyo nilivyo, lakini mjue mapema ninakokwenda. Kuna siku mwanamke mmoja anaitwa Zuhura alikataa kupanda mashua kwenda kutibiwa. Asingepanda, maisha yake yangeishia kwenye kibanda cha uani, amejificha. Na mtu wa kumpandisha nilikuwa mimi Tekla, mwenye mguu mmoja wa kazi na mmoja wa kujazia nafasi.

Huo wa kujazia nafasi ni wa kushoto. Mimi ni mtu wa Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Nilikuwa na miaka mitatu nilipopata homa, homa ikaondoka na mguu. Polio. Mguu upo, haukukatwa, ila mwembamba na hauna nguvu, nimeutembeza maisha yangu yote kwa kiatu chenye vyuma na fimbo. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa haswa, akanifundisha sala fupi ya kila siku: Bwana, nipe mguu. Nikaisali shuleni, nikaisali chuoni. Nilipopangiwa kazi huku Pwani, kwenye hospitali ya misheni, niliisali ndani ya basi kutoka Songea mpaka naona minazi, nikidhani labda huku tambarare Mungu ataniona vizuri zaidi.

Matroni wetu alikuwa Mama Eliwaza, mtu wa Singida, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Aliniangalia mara moja, akanipeleka dirisha la kadi. Mwaka mzima na nusu nikaandika majina ya wagonjwa. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yangu, maana kila nikiomba wodi wananiambia, "Ah, Tekla, nani ataandika kama wewe?" Nilikuwa nauguza daftari.

Sasa siku moja kwenye kikao cha asubuhi likaja suala la Mkokoni. Mkokoni ni kijiji kule ndani kabisa ya delta, maji mbele, mikoko nyuma. Walikuwa wanahitaji huduma ya mkoba, yaani muuguzi awafuate na chanjo na kliniki ya wajawazito mara moja kwa mwezi, wahudumiwe hapo hapo warudi kwenye shughuli zao. Matroni akauliza nani ataenda. Wenzangu wote wakaanza kutazama kucha zao. Kule kuna mbu, kuna viboko, na mtu wa bara hata dimbwi analiogopa. Mimi nikanyoosha mkono.

"Wewe?" Mama Eliwaza akasema. "Kwa mguu gani?"

"Kwa huu huu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Safari tatu," akasema. "Zikikushinda unarudi dirishani, na Mkokoni hawana mkoba tena, kwa sababu sina mwingine wa kumpeleka."

Mnajua nilichofanya? Nikapanga kama mtu wa Mbinga. Kliniki itakuwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne kamili asubuhi. Nikaandika tangazo kwa mwandiko wangu ule, likapelekwa likabandikwa dukani na pembeni ya msikiti. Nahodha wa mashua ya kukodi, Mzee Seif, mtu mkimya mwenye ndevu nyeupe na kofia isiyomtoka kichwani, alilisoma tangazo taratibu akanirudishia nakala.

"Sista," akasema, "hii Jumanne umeyauliza maji?"

Nikamweleza, kwa upole wa mtu mwenye cheti, kwamba kazi za hospitali zinafuata kalenda.

"Haya," akasema. "Mie nahodha tu."

Wale mliozaliwa huku mmeshajua kilichofuata. Maji ya delta yanajaa na kupwa kila siku, na saa zake zinasogea. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanajaa mno na kupwa mno, na huku kwetu bamvua likiwa limekolea, saa nne asubuhi maji huwa yamekwenda zake kabisa. Jumanne yangu iliangukia hapo hapo. Tulifika mbele ya Mkokoni, Mzee Seif akazima injini, mashua ikakaa kwenye mchanga mkondoni kama kuku anayeatamia. Kati yetu na kijiji palikuwa na tope tupu, jeusi, linameremeta, upana wa viwanja viwili vya mpira. Ng'ambo ya tope akina mama wamejipanga na watoto, wananipungia mkono.

Kutoka ng'ambo akaja mwanamke mmoja, anakata tope kama anakwenda gengeni. Mrefu, mabega mapana, khanga kaifunga kibwebwe, soksi nene za mpira miguuni. Ndiye Zuhura. Kazi yake ilikuwa kutoa kaa kwenye mashimo ya mikokoni, kwa hiyo tope lilikuwa ofisi yake. Akafika ubavuni mwa mashua, akageuka, akainama.

"Sista, panda."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni."

"Asante dada yangu, nitatembea. Nimekuja kuwahudumia, sikuja kubebwa."

Akaitazama fimbo. Akakitazama kiatu cha vyuma. Akalitazama tope. "Haya," akasema, akakunja mikono akasubiri.

Hatua ya kwanza nilijisifu. Ya pili nilimwita Yesu. Ya tano fimbo ilizama yote, nikabaki nimeshika kipande cha urefu wa kalamu, na kiatu kikang'ang'aniwa huko chini kama kuna mtu anakivuta. Nikakaa. Sikuanguka jamani, nilikaa, taratibu, kwa heshima, tope likanifika kifuani. Kasha la chanjo likapinduka, mfuniko ukafunguka, barafu zikaelea na vichupa vya chanjo vikaingia kwenye maji ya chumvi.

Zuhura akaja akaning'oa. Hakuna neno jingine, alining'oa, akanibeba tukiwa weusi wote wawili mpaka nchi kavu. Akina mama hawakucheka. Walikuwa wanatazama kasha. Mmoja akamfunga mtoto wake mgongoni vizuri akasema tu, "Basi ningebaki shambani nifukuze ndege kwenye mpunga." Wakaondoka mmoja mmoja. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Watoto wote wale walirudi makwao bila chanjo, na si kwa sababu ya mguu wangu. Ni kwa sababu ya kiburi changu.

Zuhura alinimwagia ndoo nzima ya maji safi nikanawa, nikamwambia asante kwa haraka haraka. Ni kwenye mashua tukirudi ndipo Mzee Seif akaniambia kwamba maji ya kunywa pale yanafuatwa kwa mtumbwi mbali, na ile ndoo ilikuwa ya nyumba nzima. Nilitamani nirudi topeni nijifukie.

Mama Eliwaza alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha kuliko kelele zake. Kisha akasema, "Mwanangu, Mungu angetaka utembee kwenye tope angekuumba kaa."

"Lakini matroni, nilikwenda kutumika. Nitabebwaje kama mtoto?"

"Nani kakwambia kutumika na kubebwa ni vitu viwili? Yule dada angeweza kukubeba wewe. Hiyo aibu yako ndiyo nzito, hakuna mgongo unaoiweza. Zimebaki safari mbili."

Na ningekuwa mtu wa kusikia ningeishia hapo. Lakini wiki ile ile kulikuwa na mkutano wa injili, mhubiri mgeni, maspika makubwa, nami nikajipeleka mstari wa mbele na sala yangu ya tangu utoto. Mhubiri akaniona. Akaniita jukwaani. Akaniwekea mkono, akapaza sauti: "Dada, tupa fimbo!" Nikaitupa. Wanangu, nilikwenda hatua tatu, watu wakashangilia, hatua ya nne nikaingia katikati ya kwaya ya akina mama nikaondoka na watatu na spika moja. Mhubiri akasema kwenye kipaza sauti kwamba imani yangu ina kasoro.

Nilikwenda kukaa nyuma kabisa nikalia. Nasema wazi, nililia kwa uchungu, niliona Mungu mwenyewe amenirudisha dirishani. Mama Eliwaza, ambaye sikujua hata kama amekuja, akatokea na fimbo yangu mkononi, ameshaifuta vumbi.

"Imani yako haina tatizo," akasema. "Mguu ndio una tatizo. Usichanganye mafaili."

Tangu siku ile nikabadilisha sala. Nikasema, Bwana, mguu ubaki kama ulivyo, nipe namna. Nawaachia hiyo sala, ni fupi, haina hakimiliki.

Namna ya kwanza nilipewa na Mzee Seif. Nilimfuata kwake, nikamwamkia vizuri, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia, "Mzee wangu, nifundishe maji." Hakunicheka. Alichora mwezi kwa kidole kwenye mchanga, akanionyesha bamvua na maji mafu, yale ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, akanipa siku za kliniki za mwaka mzima bila kutazama karatasi yoyote. Ninyi leo mna simu inayowaambia maji yatajaa saa ngapi na dakika ngapi. Nzuri sana. Lakini simu haijui kwamba mvua imenyesha huko juu na mto unasukuma, au kwamba mkondo umehamia upande wa pili tangu masika. Tazameni simu, kisha muulizeni nahodha, na mkiona vinapingana mfuateni nahodha, maana yeye naye yumo ndani ya mashua.

Na mabuti ya mpira yaacheni hospitali. Nimeona vijana wanne wa kiume, wa mafunzo, wakishuka na mabuti mapya yanang'aa. Walitoka na miguu mitupu. Mabuti yako Mkokoni mpaka leo, chini. Vaeni soksi nene mbilimbili, mzifunge kwa kamba, zinakinga magamba ya chaza na mizizi ya mikoko, na hazinyonywi na tope.

Safari ya pili, Zuhura akaja akainama, akasema, "Sista, panda," na mimi nikapanda. Bila ubishi. Nikamkaba shingo. Akasimama. "Sista, ukiniua nani atakubeba?" Ng'ambo kule akina mama wakapasuka kicheko, na mimi juu huko nikacheka mpaka kasha likawa linaruka. Kwa kweli kliniki ya Mkokoni ilianza kwa kicheko kile. Mtu uliyemwona anavukishwa tope amemkumbatia mwenzie kama mtoto mwenye homa, humwogopi tena. Unamwambia mambo yako.

Si kwamba kila kitu kilikwenda kama kuteleza. Ilizuka habari kwamba sisi wa misheni, tukimdondoshea mtoto matone mdomoni, ndiyo tunambatiza kijanja. Msicheke, walikuwa na haki ya kuuliza, msalaba ulikuwa umechorwa kwenye kasha. Mwalimu wa madrasa alikuja mwenyewe, mtu wa heshima, akaniuliza mbele ya watu wote. Sikuwa na hotuba. Nikavua kiatu, nikafungua vyuma vyake, nikaunyoosha mguu wangu hapo juani uonekane ulivyo. Tangu niwe msichana nilikuwa sijawahi kuuonyesha mguu ule kwa mtu asiye daktari.

"Mwalimu," nikasema, "matone haya yanazuia hiki. Mimi sikuyapata."

Aliutazama. Kisha akageuka akamwita mkewe amlete mjukuu wao, awe wa kwanza. Kuhusu sala akaniambia, "Wewe omba kwa namna yako, na sisi kwa yetu, kisha tuwachanje watoto, jua linapanda." Ndivyo tulivyofanya tangu hapo. Mguu nilioomba miaka yote uponywe ndio uliokuwa unawaleta watoto. Sikuutaka hivyo, lakini ndivyo ulivyofanya kazi.

Safari ya tatu ilipita, ya nne, nikaacha kuhesabu. Miaka tisa Zuhura alinibeba. Alikuwa mizani yangu. "Sista, Krismasi hii umekula nini?" Au, "Leo mwepesi, una mawazo gani?" Kwenye mgongo ule nilijua habari za ndoa yake, nikajua mapishi ya kaa kwa nazi, naye akajua habari zote za Mbinga na mchumba wangu aliyekimbilia Tunduru. Ramadhani ya kwanza nilimwambia tuahirishe, mtu kafunga atabebaje mtu mzima kwenye jua? Akasema, "Sista, wewe si chakula. Kukubeba hakufunguzi."

Kisha ukafika mwezi ambao alinijia mwanamke mwingine topeni. Nikauliza, nikajibiwa Zuhura amepumzika, si ana mimba kubwa? Sawa. Mwezi uliofuata hayupo. Wa tatu hayupo, na nikiuliza watu wanatazama pembeni. Mzee Seif ndiye aliyenivuta kando.

"Nenda kwake uani," akasema. "Usipige hodi mbele."

Wenzangu, mtaona mengi, lakini hili lisikilizeni. Uchungu ulimshika Zuhura wakati wa bamvua, maji yamepwa, mashua zote zimekaa kwenye tope. Maji yaliporudi upepo ukawa mkali. Alikaa na uchungu siku mbili. Mtoto alifariki, na kwa kukaa njiani muda wote ule alimwachia mama yake jeraha ndani, pametoboka, mkojo ukawa unamtoka mchana na usiku hana uwezo wa kuuzuia. Ninyi mmesoma mnaiita fistula. Mumewe alivumilia kidogo, kisha akaenda kuvua mbali na hakurudi. Yeye akahamia kwenye kibanda cha nyuma, akawa hatoki.

"Usiingie, Sista," sauti ikasema ndani. "Nanuka."

Niliingia. Kulikuwa na giza na kweli kulinuka. Zuhura alikuwa amekaa kwenye gunia, amekonda, yale mabega yamebaki mifupa. Nikajishusha sakafuni kando yake, na kwa mguu wangu kujishusha sakafuni ni shughuli, nikaomba asiniambie niinuke upesi.

Nikamweleza ukweli wote. Kwamba hospitali yetu haiwezi kulitibu, lakini Dar es Salaam wapo madaktari wanaoshona jeraha lile, na gari letu litampeleka. Kwamba wengi wanapona. Sikumwahidi kwamba atapona yeye, sikuwa na ahadi hiyo mfukoni.

"Na mashuani nitakaa wapi?" akaniuliza. "Abiria wote wanione nimelowa? Waniambie nini? La, Sista. Nitafia hapa hapa. Hapa angalau ananiona Mungu peke yake."

"Najua aibu ya mwili, mdogo wangu."

"Hujui. Wewe mguu wako haunuki."

Ni kweli, haunuki. Nikaishia kumsimulia habari ya mhubiri na ile kwaya. Miaka tisa yote sikuwahi kumwambia, ndiyo siri niliyoionea aibu kuliko zote. Nilipofika pale nilipoondoka na akina mama watatu na spika, mabega yale yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Kisha akawa analia, kisha vyote viwili pamoja.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Ila nikisema rudisha, mashua irudi. Mzee Seif aape."

Mzee Seif aliapa. Na yule mzee akiapa ameapa.

Tukaondoka asubuhi ya pili yake, maji yamejaa, mkondo umetulia hauna hata kunyanzi. Ndani ya mashua tulikuwa sisi watatu na mama mmoja wa makamo anayepeleka uduvi mkavu sokoni Kibiti. Zuhura alikaa juu ya khanga nne alizozikunja, nami nikakaa ubavuni mwake. Haikufika nusu ya njia zile khanga zikashindwa. Nguo ikalowa, maji yakateremka kwenye ubao wa kukalia, jua likayapasha. Yule mama wa uduvi akavuta mtandio akafunika pua. Alifanya bila kufikiri, hakuwa mtu mbaya. Lakini Zuhura aliona.

"Mzee Seif," akasema. "Rudisha."

Mzee Seif alipunguza moto wa injini. Mashua ikaanza kuelea. Akanitazama mimi, nikaona machoni kwake kwamba hataki kabisa, na kwamba atageuza, kwa sababu ameapa.

Nilijua akirudi kwenye kibanda kile hatatoka tena. Nilitaka kumshika mkono nikaona atauchomoa. Nilitaka kusema, na maneno niliyamaliza jana yake. Nikasema moyoni, Bwana, mwanamke huyu amenibeba miaka tisa, na mimi siwezi kumbeba hata hatua moja. Nipe namna. Upesi.

Miguuni kwangu palikuwa na kopo la kutolea maji yanayoingia mashuani. Nikaliokota, nikalichovya mtoni, nikajimwagia mapajani. Yalikuwa baridi jamani! Gauni langu jeupe la kazi likalowa kuanzia kiunoni kushuka, maji yakatapakaa ubaoni mpaka alipokaa Zuhura.

"Aaa!" nikasema kwa nguvu. "Mawimbi ya leo haya!"

Mzee Seif alinitazama. Akautazama mkondo, umelala kama kioo. Akanitazama tena. Kisha akanyoosha mkono nikampa kopo, na mzee yule, hajji, mwenye wajukuu, akajimwagia kanzu yake mara mbili, mbele na nyuma.

"Maji yamechafuka," akasema. "Yamechafuka sana."

Injini inanguruma polepole. Nikahisi kitu kimenigusa bega. Ni yule mama wa uduvi. Mtandio ameuteremsha, machozi yanamlengalenga, mkono ameunyoosha anaomba kopo. Akachota, akajimwagia, mengine yakamwagikia na kapu lake la uduvi wa kuuza, hata hakulitazama.

"Na mie yamenipata," akasema.

Mzee Seif akauliza kwa adabu, "Binti yangu, nigeuze?"

Zuhura alikuwa ametazama chini muda wote. Alitutazama mmoja mmoja, sote tunachuruzika, na mimi meno yananigongana.

"Twende," akasema.

Tulipofika bandarini dereva wa hospitali alikuwa anasubiri. Akatuona tunashuka, watu wanne, tumelowa wote kuanzia kiunoni kwenda chini na juu wakavu kabisa. "Vipi, mashua ilizama?"

"Mawimbi," akasema Mzee Seif.

Dereva akautazama mto. Kisha akatutazama sisi. Akasema poleni, akafungua mlango wa gari, wala hakutandika kitu kwenye kiti.

Zuhura alishonwa mara mbili, ya kwanza haikushika. Alikaa Dar es Salaam miezi mingi. Aliporudi alikuwa mkavu, amenenepa, na siku ya kwanza alipokuja kunitembelea hospitalini alikaa kwenye kiti changu cha kitambaa bila kuuliza, nami nikageuka nikajifanya natafuta faili ili asione uso wangu.

"Sista," akasema, "mie nimezaliwa kwenye maji yale. Siku ile hapakuwa na wimbi."

"Ulijua?"

"Tangu kopo la kwanza. Nilitaka kukwambia umerukwa na akili. Halafu nikamwona Mzee Seif anailowesha kanzu yake, nikamwona na yule mama ambaye hata jina langu halijui. Nikasema, kumbe mie bado ni mtu."